Jibini ya Wake Wawili

Bahati alinipigia simu asubuhi nikiwa nachuja mtindi kwenye kibanda changu cha maziwa pale Vwawa, akaniambia mama yake amefariki. Hakulia. Alisema tu kwamba Mama amepumzika alfajiri, kwamba jana yake jioni alikunywa uji na kuulizia mbuzi, na kwamba wazee wa ukoo wameanza kufika. Kisha akashusha sauti, akasema, "Dada Sekela, njoo mapema. Kuna maneno juu ya mahali pa kumzika." Nikafunika ndoo, nikamwachia jirani funguo, na njia nzima kutoka Vwawa hadi Itumba, na kutoka Itumba kupanda Mbebe, sikumfikiria marehemu kama alivyokuwa miaka hii ya mwisho, mzee, amejikunja kwa baridi yabisi. Nilimwona kama nilivyomwona asubuhi moja ya zamani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amesimama mlangoni kwetu na ndoo ya maziwa kichwani, akiwa hajui kama ataambiwa aingie.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioishi Mbebe kwa Mama Mkubwa Tusajigwe, dada yake mama yangu. Huku kwetu kote wakati huo bado kulikuwa Mkoa wa Mbeya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa sababu zisizo na haja ya kuelezwa hapa iliamuliwa nikakae kwake mpaka litakapopatikana la kufanya. Mpango wa wakubwa ulikuwa nikauze nguo Tunduma, kwenye duka la mtu tuliyefahamiana naye. Nilikwenda Mbebe nikiwa na begi dogo tu, kwa sababu nilijua nitarudi karibuni. Kazi niliyoikuta nyumbani kwake ndiyo ninayoifanya hadi leo.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu kabisa ya kilima, mahali ambapo ukungu wa mwezi wa sita unaingia mpaka jikoni na kukaa kama mgeni. Chumba changu kilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni nilikisikia nikiwa bado kitandani, pamoja na harufu ya kuni mbichi na chai ya tangawizi. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kingine, nusu yake kimechimbwa ndani ya kilima, hakina dirisha ila tundu dogo lililozibwa kwa wavu. Ukiingia mle mchana wa jua kali unasikia baridi miguuni. Ukutani kulikuwa na rafu za mbao, na juu ya rafu jibini zimepangwa, duara, za rangi ya nta, kubwa kama sahani ya wali. Zilinuka chumvi, maziwa na udongo uliolowa, na mimi siku ya kwanza nilitoka nje kutapika. Mama Mkubwa alinitazama, akaniambia nitazoea, kisha akanipa kitambaa na bakuli la maji ya chumvi, akanionyesha namna ya kuzifuta na kuzipindua moja moja.

Ujuzi huo ulitoka kwa marehemu mume wake, Mzee Lusekelo. Katika ujana wake alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa la wazungu kule Mbozi, na mle jikoni ndimo alimojifunza kugandisha maziwa. Wazungu walipoondoka yeye akarudi Ileje na maarifa hayo, akanunua ng'ombe wa maziwa, akamfundisha mke wake. Majirani waliona ni uchizi, maziwa mazima kuyaacha yakauke kama sabuni. Lakini Tunduma kulikuwa na watu waliokuwa wakiitaka jibini hiyo: wenye nyumba za wageni, madereva wa kutoka mbali waliokwama mpakani wakisubiri karatasi zao, na Wazambia waliovuka kuja kununua kila kitu. Jibini ya Mama Mkubwa ilikaa miezi, ikawa ngumu, ukiikata inatoa vipande vyenye kung'aa, na ladha yake inabaki mdomoni hata baada ya chai. Alikuwa akipima joto la maziwa kwa kiwiko. Kigandishio alikitengeneza mwenyewe kutokana na tumbo la ndama lililokaushwa juu ya moto na kulowekwa. Maziwa yakishaganda aliyakata kwa kisu kirefu, akayakoroga polepole, akachuja kwa kitambaa, kisha akayashindilia kwenye mabati ya duara yaliyotobolewa na kuweka mawe juu yake. Alifanya yote hayo bila kusema, uso umekunjwa, na nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Lakini ukimya wake ulikuwa na sababu, na sababu hiyo iliishi bondeni, mwendo wa kuteremka mpaka pale mashamba ya kahawa yanapoisha na vichaka vinapoanza. Mzee Lusekelo alikuwa ameoa mke wa pili. Mama Mkubwa alifunga naye ndoa kanisani, kwa shela na kwaya. Huyu wa pili alichukuliwa kimyakimya, akajengewa nyumba kule chini, akanunuliwa mbuzi badala ya ng'ombe kwa sababu kule ni kukavu. Na yeye pia akafundishwa jibini. Nyumbani kwetu hakutajwa jina. Aliitwa yule wa chini. Siku moja tukipukuchua mahindi niliuliza nikikutana naye nimwamkie vipi, maana kwa desturi yetu alikuwa mama yangu mdogo. Mama Mkubwa aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, ndipo akasema kwamba njia ni pana, mtu anaweza kupita bila kuamkia.

Mzee alikuwa ameshafariki nilipofika, na wake wale hawakuwa wamesemezana tangu siku ya matanga. Kila mmoja alikuwa na mteja wake na siku yake ya kupeleka mzigo. Jibini ya bondeni niliionja kwa siri sokoni Itumba. Ilikuwa nyeupe pe, laini, imefungwa kwenye jani la mgomba, bado inatoa maji. Yule mama muuzaji alinikatia kipande kwa kisu cha kumenyea, na nilipokiweka mdomoni nilisikia uchachu mwembamba na kitu kama majani yaliyopondwa. Ya Mama Mkubwa niliiheshimu. Hii niliipenda palepale, na nilirudi nyumbani nimefumba mdomo kana kwamba harufu yake ingenitoka.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na pamoja na mvua walikuja kupe. Josho la kata lilikuwa halina dawa. Ng'ombe wa kwanza alianza kuvimba tezi chini ya sikio, akaacha kula, akawa anapumua kwa kelele kama mtu aliyepanda kilima mbio. Bwana mifugo alikuja, akasema ni ndigana kali, akachoma sindano aliyokuwa nayo. Hakupona. Wakafuata wengine. Nakumbuka Mama Mkubwa akikaa zizini kwenye kigoda, amemshika ng'ombe wake kipenzi pembe, akimsemesha kwa Kindali, maneno ya kumbembeleza mtoto. Mimi nilisimama nje ya zizi na beseni la maji ambalo hakuna aliyelihitaji. Mwishowe alibaki ng'ombe mmoja tu, mzee, ambaye maziwa yake yalitosha chai na uji. Rafu za chumba cha baridi zilianza kuwa wazi kutoka juu kwenda chini, kadiri tulivyouza, na Mama Mkubwa aliendelea kuingia kila asubuhi kufuta hata mbao tupu. Mezani tulikula kande bila maziwa, kisha viazi, kisha ugali na mboga za maboga mfululizo. Hakulalamika, ila alianza kuzungumza habari ya mimi kwenda Tunduma kwenye duka la nguo, na yeye kwenda kuishi kwa kaka yake. Alisema mtu asiye na ng'ombe hawezi kujiita mwenye jibini.

Leo nikiulizwa nilipata wapi ujasiri, sijui la kujibu. Nilikuwa msichana mwoga. Lakini asubuhi moja niliamka, nikajifunga kitenge, nikashika njia ya bondeni bila kumwambia mtu. Nilimkuta akikamua mbuzi uani, mtoto wake Bahati amefungwa mgongoni, amelala. Nilipiga magoti, nikasema, "Shikamoo, Mama Mdogo." Mikono yake ilisimama kwenye chuchu za mbuzi. Ndipo akaitikia. Nadhani hakuna mtu wa kutoka kule juu aliyewahi kumwita hivyo. Nilimweleza kila kitu: ng'ombe waliokufa, rafu tupu, habari ya kuhama. Nilisema kwamba yeye ana maziwa na sisi tuna chumba cha baridi, na kwamba jibini yake haifiki Tunduma kwa sababu inaharibika njiani. Alinisikiliza huku akiendelea kukamua. Mwisho aliuliza kama nimetumwa. Nikasema hapana. Alitikisa kichwa, akanipa kikombe cha maziwa ya mbuzi ya moto, akaniambia ninywe kwanza ndipo nirudi, maana kilima ni kirefu.

Mama Mkubwa alijua nilikotoka kabla sijafungua mdomo. Hakunigombeza. Alipakua chakula, akala, akaosha sahani yake mwenyewe akaiacha yangu, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kofi. Nililala nikiamini kesho nitafungashiwa begi. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa uani, nilisikia mtu akibisha hodi jikoni. Nilitoka chumbani na kumwona Mama Mdogo amesimama kizingitini na ndoo kichwani, Bahati mgongoni, khanga yake imelowa umande mpaka magotini. Alimwamkia mkubwa wake kwa adabu yote. Mama Mkubwa alikuwa ameketi mbele ya moto, na alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa maziwa yatachacha. Kisha akasema, bila kugeuka, "Huyo mtoto atapata baridi. Ingia."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Naomba msomaji asidhani walikumbatiana. Kwa wiki nyingi walifanya kazi kwa kupitishia maneno kwangu. Sekela, mwambie asikoroge kwa nguvu. Sekela, muulize kama chumvi inatosha. Nilisimama katikati yao kama mkalimani pale mpakani, ilhali wote wawili walizungumza Kindali kilekile na walisikiana vizuri. Kazi yenyewe ilitukataa. Maziwa ya mbuzi yaliganda laini, na Mama Mkubwa alipoyakata vidogo vidogo kama alivyozoea yakavunjikavunjika, yakapita kwenye kitambaa pamoja na maji, na kilichobaki kilikuwa kama pumba. Mama Mdogo aliona kosa likija lakini hakuwa na ruhusa ya kusema katika jiko la mwenzake. Mara iliyofuata ni mimi niliyemwomba Mama Mkubwa amwachie kisu. Alikitazama kile kisu, alichopewa na mumewe, akakiweka mezani katikati yao na kwenda kuchungulia moto. Mama Mdogo alikichukua. Alikata mapande makubwa, akayaacha yatulie, akapunguza kuni, akakoroga kwa mkono wake badala ya mwiko. Maziwa kidogo ya yule ng'ombe mzee tuliyachanganya humo humo ili yashikane. Tulipobana na mawe, jibini ilisimama.

Bado walikuwa hawasemezani. Kilichowafungua midomo nilikisikia nikiwa kitandani, nyuma ya zile mbao, asubuhi niliyochelewa kuamka kwa mafua. Mama Mdogo alikuwa akipiga chapati, nilisikia kipigo chake mezani. Akasema, kama anayejisemea, kwamba marehemu alipenda kuonja jibini ikiwa bado changa, hana subira. Mama Mkubwa alichochea moto. Mwenzake akaendelea, akasema kila alipoonja alifumba macho na kumwambia, hii ndiyo jibini ya kwangu hasa, ile nyingine nala kwa heshima tu. Nilishika blanketi. Nilidhani leo ndoo zitarushwa. Mafuta yakalia kwenye kikaango, na kisha nikasikia sauti ya Mama Mkubwa, kavu, akiuliza: "Alifumba macho?"

"Alifumba."

"Na alikushika bega hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Mimi aliniambia maneno hayohayo. Mpaka mwaka aliokufa."

Sikuwahi kumsikia Mama Mkubwa akicheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, nikadhani moshi umempalia. Kisha Mama Mdogo naye akaanza, na wakacheka mpaka Bahati akaamka na kulia, na hata hapo waliendelea, wakirudia kile kitendo cha kufumba macho, mmoja akimwonyesha mwenzake. Mwishoni sikuweza kujua kama bado wanacheka au wanalia. Nilipoingia jikoni wote wawili walikuwa wakifuta macho kwa ncha ya khanga, na chapati imeungua. Tuliila hivyo hivyo, kwa chai na kipande cha jibini changa, wakati jua likipenya ukungu. Nimekula kwenye meza nyingi tangu siku ile, harusini na hotelini, na bado nikitamani chakula huwa natamani chapati ile iliyoungua.

Tangu hapo maneno hayakunipitia tena. Nilianza kujua mengi kwa kusikia tu: kwamba Mama Mdogo alichukuliwa akiwa binti mdogo na hakuulizwa, kwamba Mama Mkubwa alizika watoto wawili wachanga kabla ya mumewe kwenda kutafuta mke mwingine, na kwamba alichokichukia zaidi kwa mwenzake kilikuwa kilio cha Bahati kilichopanda na upepo kutoka bondeni. Aliyatamka haya akiwa amempakata Bahati huyohuyo, akimlisha maji ya jibini kwa kijiko. Mwenzake alimsikiliza. Alisogeza kigoda karibu, wakaendelea kuchuja.

Jibini ya kwanza ya kuchanganya ilipoiva, mimi na Mama Mdogo tuliipeleka Tunduma. Alikuwa hajawahi kufika mpakani, na foleni ya malori ilimshangaza mpaka akawa ananishika mkono kama mtoto. Mteja wetu alikuwa mama wa Kizambia mwenye nyumba ya wageni, mnene, mcheshi, anayechanganya Kiswahili na Kibemba. Alitukaribisha kwa mulishani, salamu ya kwao, akaikata jibini, akaionja, akaonja tena. Aliuliza ni maziwa gani haya, maana si ya ng'ombe na si ya mbuzi. Mama Mdogo alivuta khanga yake na kujibu, "Ni ya mwenzangu na yangu." Mama yule alidhani anazungumzia mifugo. Akasema lolote liwalo, tulete yote. Siku hiyo mwenye duka la nguo aliniona barabarani, akaniuliza naanza kazi lini, nikamwambia nimepata kazi nyingine. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia.

Mwaka ulipoisha Mama Mdogo alikuwa amehamishia mbuzi wake kilimani, na chumba changu kikawa chake na Bahati. Mimi nilirudi kwetu, nikaolewa, nikaja Vwawa na kigandishio kwenye chupa. Wao waliendelea. Walizeeka kwenye jiko moja, wakigombana juu ya chumvi.

Nilipofika Mbebe juzi uwanja ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka moto, na maneno aliyoniambia Bahati yalikuwa palepale. Kando ya kaburi la Mzee Lusekelo kuna nafasi moja tu, upande wa pili ni mwamba. Shemeji yake Mama Mkubwa, mdogo wake Mzee Lusekelo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alisema nafasi ile ni ya mke wa ndoa. Huyu mwingine, alisema kwa upole na bila ubaya, arudishwe kwao au azikwe kule bondeni alikojengewa. Wengi waliitikia kwa kichwa. Bahati alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, anauma midomo.

Mama Mkubwa alikuwa ndani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, haoni vizuri tena. Nilipiga magoti nikamweleza kinachosemwa nje. Aliniomba nimwinue. Tulitoka pamoja mpaka kwenye mabenchi.

"Mzikeni pale, ubavuni kwa mume wetu," alisema.

Shemeji alimkumbusha kwa heshima kwamba nafasi ni moja, na kumuuliza yeye watamweka wapi siku ikifika.

"Upande wa pili wa mwenzangu. Mume wetu nilikaa naye miaka michache, na mingi ya hiyo nilikuwa nimenuna. Huyu nimezeeka naye."

Shemeji aliinamisha kichwa. Kisha akauliza majembe yako wapi. Vijana waliondoka kwenda kupima, na Mama Mkubwa akataka kwenda nao, ingawa wanawake walimsihi apumzike. Nilimshika mkono tukateremka taratibu kupitia mibuni. Walipima kwa kamba kaburi la kuchimbwa, kisha, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, wakapigilia kigingi kuonyesha lake litakapokuwa. Alipapasa kwa fimbo yake kutoka kamba ya kaburi la mwenzake mpaka kwenye kigingi, akakadiria kichwani umbali uliopo, na akawaambia wakisogeze karibu.